Datsun 1200 ya marehemu mzee: nimepunguza uzito na kubadilisha springi, mbona inaruka kuliko mwanzo?

#1 Mwana_wa_Tukuyu
Wakuu habari za jioni. Nina Datsun 1200 ya 1972, ile B110 ya milango minne, injini yake ileile ya A12. Mzee wangu aliinunua mwaka 1976 akiwa mwalimu Tukuyu, akaiendesha mpaka miguu ikakataa. Sasa iko kwangu Morogoro na nimeapa haitakufa mikononi mwangu.

Nilitaka iwe nyepesi na ishike barabara. Nilichofanya:
- Nimetoa kiti cha nyuma, kapeti, ile lami ya kuzuia kelele sakafuni, tairi la spea na jeki, bampa ya nyuma, hita na redio.
- Springi za mbele nimezikata mzunguko mmoja na nusu kwa grainda. Shokapu za mbele mpya, za gesi.
- Nyuma nimefunga pacha za springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa pamoja) nilizonunua mtumba, muuzaji alisema ni za gari hiihii, nikaweka na bloku za inchi 2 kuishusha.
- Nimetoa rimu za inchi 12, nimeweka 14 na matairi ya 185/60.

Mizani ya malori ilisoma kilo 710 kabla, sasa inasoma 650. Nilitegemea raha. Badala yake, nikifika 80 kati ya Morogoro na Dumila gari inadunda mfululizo, usukani unavuta wenyewe nikiingia kwenye bonde dogo la lami, na kwenye tuta mbele panalia "du!" kama nimegonga jiwe. Kwenye kona yenye mawimbi mkia unahama pembeni. Ilipokuwa nzito na imechoka haikuwa hivi.

Uzito mdogo si ndio uzuri? Nimekosea wapi?

#2 KijanaWaGerezani
Nafasi ya mbele kabisa hii. Weka picha mkuu, Datsun ya 72 tuione kwanza.

#3 Lami_na_Vumbi
Umekata springi. Jibu limeishia hapo. Gari nyepesi + springi ngumu = mpira wa makaratasi. Pole.

#4 Hesabu_Haziongopi
#3 yuko sahihi, ila watu wajue sababu. Ukikata springi ya kuzunguka haibaki laini ileile ikiwa fupi, inakuwa ngumu zaidi. Kama ilikuwa na mizunguko 7 inayofanya kazi ukabakiza 5 na nusu, gawa 7 kwa 5.5 upate 1.27. Ugumu umepanda asilimia 27.

Idadi ya midundo ya gari kwa sekunde inafuata kipeuo cha pili cha ugumu ukigawa kwa uzito. Kwa hiyo hiyo 27 inakuwa kama asilimia 13 ya midundo zaidi. Uzito kutoka 710 mpaka 650 unakuongezea chini ya asilimia 5. Uzito si mkosaji mkuu hapa. Grainda ndiyo mkosaji.

#5 Chuma_Kongwe
Mkuu Hesabu, hesabu yako ni nzuri ila umegawa kwa uzito ambao sio. Springi haibebi gari zima. Haibebi ekseli, difu, ngoma za breki wala rimu. Inabeba bodi peke yake.

Sasa angalia alivyovitoa: kiti cha nyuma, spea, bampa ya nyuma. Karibu vyote vilikaa nyuma. Tuchukulie nyuma springi zilikuwa zinabeba kama kilo 230 gari ikiwa tupu, naye ametoa 45 upande huo. Zimebaki 185. Hiyo ni karibu asilimia 20, sio 8. Midundo ya nyuma imepanda asilimia 11 au 12 hata kabla hajagusa springi. Halafu akafunga springi nyingine ambazo hatuzijui.

Kwa maoni yangu tatizo kubwa liko nyuma. Mbele ni nyongeza.

#6 Hesabu_Haziongopi
Hapo umenipata mkuu. Nakubali kwa nyuma. Kwa mbele nabaki na msimamo wangu.

#7 DadaGereji
Mleta mada, hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Mimi ni fundi wa chini ya gari mwaka wa 11 sasa. Kabla ya hesabu zote nina maswali ya kawaida:
1. Springi za mbele baada ya kukata, ukiipiga jeki tairi likaning'inia, zinakaa kwenye kikombe chake au zinacheza?
2. Ule mpira mdogo unaovaa kwenye fimbo ya shokapu, wa kuzuia chuma kugonga chuma, upo?
3. Bushi za mkono wa chini (chuma kinachounganisha tairi na bodi) ulibadilisha au za mwaka 72?

Usijibu kwa kukumbuka. Nenda kapige jeki uangalie.

#8 Nyali_Kaskazini
Assalaam alaykum jamaa. Mie naona mnamzonga bwana huyu kwa springi na hakuna aliyemuuliza upepo. Gari ya kilo 650 yenye tairi pana la 185, umetia upepo kiasi gani? Vijana wa kujaza upepo humu Mombasa wanatia 35 kila gari, iwe Probox iwe baiskeli ya mtoto. Tairi nalo ni springi. Ukilijaza sana kwenye gari nyepesi linarusha.

#9 Mwana_wa_Tukuyu
#8 upepo ni 36 kote. Nilidhani ndio inavyotakiwa.
#7 dada nitapiga jeki kesho asubuhi. Bushi za chini sijagusa.

#10 Nyali_Kaskazini
36! Subhanallah. Shusha mpaka 26 kisha rudi hapa utwambie.

#11 Mzee_wa_Violet
Wanangu, Datsun ni gari la historia. Nilikuwa nasimama barabarani kila Pasaka kuziangalia zikipita kwenye Safari Rally. Msiwe na haraka ya kulishusha gari. Hakuna gari lililoshinda Safari likiwa limekaa chini kama nyoka. Walikuwa wanayainua, wanayapa springi ndefu zenye safari kubwa ya kupanda na kushuka, na chuma cha kukinga injini chini. Gari jepesi, safari ndefu ya springi. Barabara zetu zinataka hivyo.

#12 KijanaWaGerezani
Shikamoo mzee. Ni kweli hii 1200 ndiyo ilishinda Safari mwaka 1970? Nimesikia kijiweni.

#13 Mzee_wa_Violet
Marahaba. Hapana, wanakuchanganya. Mwaka 1970 aliyeshinda ni Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na gari ilikuwa Datsun 1600 SSS, ile 510. Ni kubwa kuliko 1200, na nyuma ilikuwa na springi huru kila tairi. Mwaka 1971 Herrmann akarudia na 240Z.

#14 Lami_na_Vumbi
Ndiyo maana zilishinda mzee, springi huru nyuma. Hii 1200 ina ekseli nzima na springi za majani kama mkokoteni. Hata ufanye nini itadunda tu. Auze atafute 510.

#15 Mzee_wa_Violet
Sikubali. Shekhar Mehta alishinda Safari mara 4 mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, na gari lilikuwa Datsun Violet, hilo nililochukulia jina hapa. Violet ile ilikuwa na ekseli nzima nyuma, ila imeshikwa na fimbo 4 na springi za kuzunguka badala ya majani. Ekseli nzima ikishikwa vizuri haina aibu. Na mtu haambiwi auze gari la baba yake.

#16 DadaGereji
#15 asante mzee, umenisemea.

#17 Chuma_Kongwe
Naongeza kwa mzee. Ubaya wa ekseli nzima sio kuwa nzima, ni uzito wake ukilinganisha na bodi. Hapo ndipo punguza-uzito inapogeuka kuwa adui. Unapunguza bodi, ekseli inabaki na uzito uleule. Ekseli ikirushwa na shimo inabishana na bodi nyepesi, na bodi ndiyo inashindwa. Zamani bodi nzito ilikuwa inaikandamiza.

Sasa mleta mada ameongeza na rimu kubwa. Mkuu, pima rimu yako ya 12 ikiwa na tairi na hii ya 14 ikiwa na tairi, tumia mizani ya mazao. Nina hakika umeongeza kilo kadhaa kila kona, tena mahali pabaya kuliko pote.

#18 Rift_Valley_1200
Sasa wadau. Mimi niko Nakuru, niko na pick-up ya 1200, tunaipenda sana huku Kenya. Nimesoma #1 nikashtuka kidogo. Boss, hizo springi za nyuma ulizonunua zina majani mangapi? Na ile ya chini kabisa ni nene na imenyooka, haijapinda kama zingine?

Kama ndiyo, umeuziwa za pick-up. Pick-up imetengenezwa kubeba mzigo kila siku. Yangu ikiwa tupu inaruka vile unasema, nikiweka magunia ya viazi inatulia kama Mercedes.

#19 Mwana_wa_Tukuyu
Wakuu nimeamka saa 12 nikapiga jeki. Majibu:

Dada #7, springi ya mbele kushoto inacheza. Naweza kuizungusha kwa vidole viwili, na mwisho wake uliokatwa haujakaa kwenye ule mfereji wa kikombe, umepanda juu ya ukingo. Pamechimbika alama inayong'aa kama imekuwa ikisuguana. Ya kulia imekaa lakini kwa shida. Mpira wa kwenye fimbo upo upande wa kulia tu, kushoto umebaki unga mweusi.

#18 majani ni 5. La chini ni nene na limenyooka. Nimekaa chini ya gari nikilitazama kwa muda mrefu.

#17 rimu ya zamani na tairi lake ni kilo 11. Mpya 14 na nusu.

Upepo nimeshusha mpaka 26. Imepungua kudunda kidogo, naomba niwe mkweli, ila "du!" bado ipo.

#20 Nyali_Kaskazini
Nilisema mie.

#21 DadaGereji
Mleta mada, USIENDESHE hiyo gari tena mpaka mbele irekebishwe. Springi inayocheza ukiinua gari siku moja itakaa vibaya ukiwa kwenye kona, usukani ukwame au irarue tairi. Hili halina mjadala. Mengine tutabishana, hili hapana.

Na kwa wengine wanaosoma: springi haikatwi kwa gesi kabisa. Moto unaua chuma, sehemu iliyochomwa inakuwa laini au inakatika. Afadhali yeye alitumia grainda. Ila springi iliyokatwa inataka shokapu fupi inayolingana nayo, ili gari ikining'inia springi ibaki imebanwa. Ukiweka springi fupi na shokapu ndefu ya kawaida, umejenga mtego.

#22 Hesabu_Haziongopi
Nakazia #21. Na "du!" imejieleza: upande wa kushoto chuma kinagonga chuma. Kujua umebakiza nafasi kiasi gani, chukua tai ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu ikishikilia kidogo, isukume mpaka chini igusane na bomba. Endesha kilomita 10 (baada ya kurekebisha!). Ukirudi utaikuta ilipofikia, huko ndiko shokapu iliishia. Kifaa cha shilingi 100 kinakupa ukweli wote.

#23 Jozi_Bakkie
Wakuu salaam kutoka Johannesburg. Pick-up za ukoo huu zilitengenezwa huku mpaka 2008, Nissan 1400 wanaiita, kwa hiyo vipuri vyake nimevishika sana. #18 anaweza kuwa sahihi ila asihukumu kwa kuhesabu majani tu. Huku watu wanachanganya majani ya magari matatu kwenye pacha moja, na mengine yameshapigwa nyundo yakapindwa upya. Sedani niliyowahi kuwa nayo ilikuwa na majani 4.

#24 Lami_na_Vumbi
Ya mjomba ilikuwa na 3.

#25 Rift_Valley_1200
Sijasema idadi pekee, nimesema hiyo ya chini nene imenyooka. Hiyo ni ya mzigo. Haifanyi kazi mpaka umepakia. Hapo kwake na bloku za inchi 2 pengine imeshaanza kugusa hata bila mzigo.

#26 Jozi_Bakkie
Bloku haibadilishi pacha inavyopinda mkuu. Inahamisha ekseli tu, bodi inashuka. Jani la chini haligusi mapema kwa sababu ya bloku. Ila bloku ina dhambi nyingine: inaipa ekseli mkono mrefu wa kuisokota springi. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli inajizungusha, springi inajikunja kama herufi S, halafu inajiachia. Inarudia rudia. Huo mkia unaohama kwenye kona yenye mawimbi mimi naushuku hapo.

#27 Rift_Valley_1200
Sawa, hiyo ya bloku umenisahihisha. A12 lakini ina nguvu gani ya kusokota springi?

#28 Jozi_Bakkie
Akiwa gia ya kwanza au ya pili inatosha. Na ukifunga breki pia ekseli inasokotwa, upande wa pili.

#29 Chuma_Kongwe
Kuna jambo hamjaligusa: usukani kuvuta wenyewe kwenye bonde. Hilo si springi ngumu. Gari ikishushwa mbele, mkono wa chini unainamia vibaya, upande wa tairi unakuwa juu kuliko upande wa bodi. Fimbo ya usukani nayo inabadilika pembe lakini haifuati njia ileile. Tairi likipanda na kushuka linajipinda lenyewe kushoto na kulia. Hujagusa usukani, gari imekata kona.

Dawa kwa Datsun ni kipande cha chuma cha milimita 25 hivi kinachokaa kati ya chini ya shokapu na ule mkono wenye bol jointi. Kinarudisha pembe ya mkono na ya fimbo kwa pamoja. Fundi wa kukereza anakichonga, ila kiwe chuma cha maana, boliti ndefu za daraja la juu. Hapo ukikosea tairi linaondoka.

Kupima: toa springi, acha shokapu, egemeza ubao ulionyooka kwenye habu, pima kwa futi mbele na nyuma ya ubao huku unapandisha tairi kwa jeki sentimita moja moja. Tofauti ikibadilika, ndiyo hiyo.

#30 DadaGereji
Chuma Kongwe nakuheshimu ila unampeleka mbali. Bushi zake ni za mwaka 72! Miaka zaidi ya 50! Mpira wa bushi ukifa mkono unaenda mbele na nyuma, gari inavuta ikiingia shimo, dalili zilezile. Nimewahi kuletewa Corolla KE70, mwenye nayo ameshafanya wili alaimenti mara 4, kila mahali wanamwambia usukani. Nikachomeka bisibisi kubwa kati ya mkono na bodi, nikasukuma, ukasogea nusu inchi. Bushi mbili tu, jioni akaondoka anacheka.

Aanze na vitu vilivyochakaa, ndipo aje kwenye vya kuchonga.

#31 Chuma_Kongwe
Dada, zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

#32 DadaGereji
Zinaweza. Ila moja inatibika leo.

#33 Hesabu_Haziongopi
Turudi kwenye uzito, maana kichwa cha uzi ni uzito. Mleta mada, mizani ya malori mingi inasoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Kilo 60 yako inaweza kuwa 45 au 75. Una uhakika gani?

#34 Mwana_wa_Tukuyu
Swali zuri. Nilipima na vipande kimoja kimoja kwa mizani ya mazao ya jirani: kiti cha nyuma 13, spea na jeki 15, kapeti na lami yake 17, bampa 5, hita na redio 6. Jumla 56. Kwa hiyo 60 haiko mbali. Tangi lilikuwa karibu tupu mara zote mbili.

Lami niliibandua kwa tindo na pasi ya moto ya fundi wa rangi, siku tatu. Chini yake nikakuta bati safi kabisa, rangi ya kiwandani, isipokuwa kwenye miguu ya dereva kutu imekula tundu la saizi ya sarafu. Nimeshalichomelea.

#35 Jozi_Bakkie
Kilo 17 za kapeti na lami! Na hilo tundu lingekula sakafu yote bila wewe kujua. Hata usiporudisha chochote, hiyo kazi imekulipa.

#36 KijanaWaGerezani
Kuna mtu hapa mjini anatengeneza boneti za faibaglasi. Akiweka ya mbele na mlango wa buti si atapunguza tena?

#37 Chuma_Kongwe
Ya mbele, ndiyo. Buti, hapana, kwa nini aendelee kupunguza nyuma wakati nyuma ndiko kunakodunda? Kama ana hamu ya kupunguza, apunguze mbele na juu. Na betri aihamishie kwenye buti, ni kilo 12 mpaka 15 unazotoa puani unapeleka mkiani. Waya mnene, fyuzi karibu na betri, na ifungwe isiruke.

Lakini asiguse kamwe kuta za ndani zinazobeba shokapu, boriti ya chini ya injini, wala masanduku ya pembeni chini ya milango. Nimeona mtu ametoboa matundu makubwa huko "kupunguza uzito". Gari ikapinda kama biskuti iliyolowa.

#38 Lami_na_Vumbi
Na vioo vya plastiki?

#39 DadaGereji
Cha mbele usiguse. Vya pembeni vinachubuka kwa vumbi letu, mwezi mmoja huoni kitu usiku. Achana navyo. Mleta mada, breki zako za mbele ni diski au ngoma?

#40 Mwana_wa_Tukuyu
Ngoma kote nne.

#41 DadaGereji
Basi fedha ya boneti ya faibaglasi peleka kwenye diski. Wenye Datsun wanafunga shokapu nzima za mbele za Sunny ya B210, zinakuja na diski zake. Hapo unatatua breki na shokapu kwa safari moja. Hakikisha tu zina bolti za rimu zinazolingana na zako, 4 kwa 114.3 (bolti 4 kwenye duara la milimita 114.3).

#42 Nyali_Kaskazini
Baba yangu mdogo alikuwa nayo ya kijani, miaka ya themanini. Safari ya Mombasa hadi Lamu kwa barabara ya mchanga enzi hizo, watu sita ndani, juu kariya imejaa. Haikuruka hata siku moja. Labda dawa ni watu sita.

#43 Rift_Valley_1200
Unacheka lakini hiyo ni jaribio. Boss, tia magunia mawili ya kilo 50 kwenye buti, endesha. Ikitulia, springi za nyuma ni ngumu kwa hiyo gari, iwe ni za pick-up ama sio.

#44 Mwana_wa_Tukuyu
Wakuu, nimepotea siku 9 nikifanyia kazi maelekezo yenu. Mbele nimerudisha springi nzima ambazo hazijakatwa, rafiki alikuwa nazo. Bushi za mkono wa chini mpya, mipira mipya. Tai ya plastiki nimefunga.

1. "Du!" imeisha. Tai iliishia milimita 22 kabla ya kufika kwenye mpira.
2. Nikatia mchele kilo 100 kwenye buti, springi zilezile za majani 5. Nyuma ikatulia kabisa. Nilipita matuta ya Dakawa na kikombe cha chai kwenye dashibodi, kikayumba bila kumwagika.
3. Nikatoa mchele, nikarudisha rimu za 12. Nayo ikatulia! Sio kama na mchele, ila zaidi ya nusu ya kudunda imeondoka.
4. Usukani bado unavuta, ila kidogo mno ukilinganisha na mwanzo.

Sasa sijui nimwamini nani.

#45 Rift_Valley_1200
Mchele umesema. Springi za pick-up.

#46 Chuma_Kongwe
Rimu zimesema. Umetoa kilo 3 na nusu kila upande kwenye ekseli na hujagusa springi, ikatulia. Na mchele ni jambo lilelile: umeongeza bodi dhidi ya ekseli.

#47 Nyali_Kaskazini
Tairi la 12 lina ukuta mrefu wa mpira, lile la 185/60 ukuta wake mfupi. Ni mpira unaofanya kazi, si uzito wa rimu. Nalo umelitia upepo kiasi gani?

#48 Mwana_wa_Tukuyu
24.

#49 Nyali_Kaskazini
Basi umebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, rimu, ukuta wa tairi na upepo. Hamuwezi kusema ni kipi.

#50 DadaGereji
Kwenye jibu lake la 4, usukani umepungua kwa bushi au kwa kuinuliwa mbele? Naye amevifanya siku moja. Ndugu yangu, siku nyingine kimoja kimoja, unaandika kwenye daftari.

#51 Jozi_Bakkie
Na bloku bado zipo. Zitoe kabla ya lolote.

#52 Hesabu_Haziongopi
Napendekeza atoe lile jani nene la chini peke yake. Alegeze yubolti, alegeze ile boliti ya katikati huku pacha imebanwa kwa klampu mbili (isije ikaruka ikamkata), alitoe, afunge tena. Rimu za 14, upepo 26, bila mchele. Akiona tofauti, #45 ameshinda. Asipoona, #46.

#53 Mzee_wa_Violet
Mwanangu, nina swali moja ambalo hakuna aliyeuliza. Springi za nyuma lilizokuja nazo gari, zile alizoendeshea baba yako, ziko wapi? Na kile kiti cha nyuma?

#54 Mwana_wa_Tukuyu
Shikamoo mzee. Kiti ninacho, kiko sebuleni, watoto wanakalia wakiangalia katuni. Springi za zamani nilizituma Tukuyu na mizigo mingine mwaka jana, nikijua ni chuma chakavu. Ngoja nimpigie mama.

#55 Lami_na_Vumbi
Zitakuwa zimechoka, miaka 50.

#56 Jozi_Bakkie
Springi iliyochoka kidogo kwenye gari iliyopungua kilo 56 inaweza kuwa ndiyo springi sahihi kabisa. Na zimeshashuka zenyewe, hahitaji bloku.

#57 Mwana_wa_Tukuyu
Nimeongea na mama. Zipo. Amezifunga kwenye gunia uvunguni kwenye chumba cha uani, wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja mara mbili akawakatalia. Anasema mzee alikuwa anazipaka grisi mwenyewe kila baada ya mvua za masika, kati ya jani na jani, kwa kisu cha mezani. Sikuwahi kujua. Anazipakia kwenye basi la kesho alfajiri.

#58 Mzee_wa_Violet
Marahaba. Msalimie sana mama. Zikifika usizifunge siku hiyohiyo. Zisafishe, hesabu majani, pima unene wa kila moja ulinganishe na hizo ulizonunua, halafu upake grisi.

#59 Rift_Valley_1200
Na picha za zote mbili zikiwa zimelala pamoja chini. Hiyo ndio nasubiri.

#60 KijanaWaGerezani
Picha ya gari nzima pia, mpaka leo hatujaiona.